Anza na peleti, si mtutu: kwa anayejiundia bunduki ya hewa ya shabaha

Wanaokuja kwangu wakitaka kujiundia bunduki ya hewa huanza karibu wote na swali moja: mtutu wa urefu gani una nguvu zaidi? Huwaomba tuliweke swali hilo kando kwanza, maana katika shabaha ya mita 10 nguvu haikupi hata alama moja. Peleti, yaani risasi ndogo ya bunduki ya hewa, ya milimita 4.5 yenye uzito wa gramu 0.53 inatoka mdomoni mwa mtutu kwa mita 170 hivi kwa sekunde, na mwendo huo unatosha kabisa kutoboa karatasi. Kinachotafutwa ni kwamba pigo la 60 litoke sawasawa na pigo la kwanza. Doa la alama 10, katikati ya shabaha, lina upana wa nusu milimita, na huwezi kulifikia kwa bunduki ambayo kila pigo lina mwendo wake.

Karatasi kabla ya chuma. Usiagize kipande chochote, hata mtutu mtupu, kabla hujauliza Bodi ya Leseni za Silaha na kupata jibu la maandishi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, si ya kubahatisha, na anayekwambia kwamba bunduki ya hewa ni kichezeo hatakuwepo siku utakayohojiwa. Kazi ya kufunga na kubadilisha mtutu mpe fundi mwenye leseni. Wewe kazi yako ni kujua unachomwagiza, na hapo ndipo wengi wetu tulipoteleza.

Mimi niliteleza hivi. Nilikuwa na mtutu mzuri wa sentimita 48, nikauona mzito mbele, mkono wa kushoto ukinichoka kila nikifika pigo la 40. Nikampelekea fundi, nikamwambia akate sentimita 6 kutoka mdomoni. Alikata vizuri, akaung'arisha mdomo hata ukapendeza. Niliporudi kwenye shabaha, matundu yaliyokuwa yakiingiliana yalikuwa yametawanyika kama punje za mahindi. Sikujua kwamba mitutu mingi ya shabaha hubanwa kidogo sana kwenye sentimita chache za mwisho, kiasi ambacho jicho halioni. Mbano huo ndio unaoishika peleti na kuinyoosha kabla haijatoka. Nilikuwa nimelipa pesa niondolewe sehemu ya thamani kuliko zote. Fundi alifanya nilichomwomba, kosa lilikuwa langu. Ukitaka kujua kama mtutu wako una mbano, sukuma peleti polepole kwa kijiti cha mbao kutoka nyuma: itateleza bila shida, kisha karibu na mdomo utahisi inakaza. Fanya hivyo bunduki ikiwa haina hewa kabisa.

Tena, mtutu mfupi si udhaifu. Peleti ikiwa bado ndani, mwili wako unaendelea kucheza: mapigo ya moyo, pumzi, kidole kinachovuta kwa pembeni. Kadiri inavyokaa ndani ndivyo inavyobeba makosa yako. Ndiyo maana bunduki nyingi za mashindano zina mtutu wa sentimita 42 hivi, na ule urefu unaouona kwa nje ni bomba tupu lililoongezwa mbele ili sehemu ya kulengea iwe mbali na jicho. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, chukua mtutu mfupi wenye mbano na bomba la kuongezea, uache mtutu mrefu.

Sasa peleti. Hizi huuzwa kwa vipimo vya kichwa, 4.49, 4.50 na 4.51, na mtutu una tabia ya kupenda kimoja na kukataa vingine. Tofauti ya mia moja ya milimita ni ndogo mno kwenye karatasi ya bei, lakini kwenye shabaha inaonekana. Hapa Nairobi kuna jambo la ziada: peleti za mashindano hazipatikani kila siku. Mtu ananunua mtutu wa kifahari, anautafutia peleti, anaipata, anafurahi, na makopo mawili yakiisha haioni tena mwaka mzima. Kwa hiyo jua kwanza ni peleti gani klabu yako inaagiza kila mara, kisha uchague mtutu unaoipenda hiyo. Mwombe muuzaji akuruhusu kujaribu, bunduki ikiwa imefungwa kwenye jiliwa yenye mpira laini, mapigo 10 kwa kila kipimo. Pima upana wa nje wa matundu yote pamoja. Yakibaki ndani ya milimita 7 mtutu huo ni wako. Yakifika 10, badilisha kipimo cha kichwa kabla ya kuulaumu mtutu.

Upande wa hewa ndio unaowatesa wanaoanza hapa kwetu, basi nivumilie.

Utakutana na bunduki za zamani za gesi ya kaboni dayoksaidi, za bei nafuu, zilizotunzwa vizuri. Zinavutia. Lakini gesi hiyo hufuata joto la siku. Ikiwa joto ni nyuzi 20 shinikizo ndani ya mtungi ni kama bar 57, likishuka hadi nyuzi 10 shinikizo ni kama 45. Asubuhi ya Julai Nairobi, umevaa sweta mbili, bunduki hiyo hupiga chini, na saa sita mchana jua likiwaka inapiga juu. Utakuwa unafukuza shabaha kutwa nzima. Chukua mfumo wa hewa iliyoshindiliwa, wenye mtungi wa bar 200 na rigyuleta inayoishusha hadi shinikizo moja la kazi lisiloyumba. Rigyuleta hiyo ndiyo roho ya bunduki, mtutu unafuata nyuma yake.

Kuipima si vigumu. Azima mashine ya kupima mwendo wa peleti, piga mapigo 10, usome. Nikiona tofauti ya mita 2 au 3 kwa sekunde kati ya pigo la kasi zaidi na la polepole zaidi, naridhika. Kisha iache bunduki usiku kucha na upige tena asubuhi. Pigo la kwanza likiruka juu kuliko mengine yote, rigyuleta inapitisha hewa taratibu ikiwa imepumzika, na inataka oringi mpya, ile pete ndogo ya mpira ya kuziba hewa, au kusafishwa. Kasoro hii huwafanya watu wabadilishe mtutu, wabadilishe peleti, wabadilishe hata kocha, na kumbe ni kipande cha mpira.

Kujaza je? Kompresa ya gereji ya kujaza matairi inafika bar 8 au 10, kwa hiyo haifai kitu. Mtungi wa wazamiaji ni mzuri kuliko vyote, kwa kuwa hewa yake imekaushwa, ila wazamiaji wako Pwani na sisi tuko bara. Wengi mtaishia kwenye pampu ya mkono. Ijue basi: Nairobi iko mita 1,795 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Kila unapovuta pampu unaingiza hewa pungufu kwa karibu moja ya tano. Anayehitaji kusukuma mara 80 akiwa Mombasa, hapa anahitaji mara 100. Usidhani pampu imeharibika. Sukuma mara 50, pumzika dakika tano ipoe, fungua kivalvu cha chini itoe maji, uendelee. Maji hayo yakiingia kwenye mtungi hula vali kwa ndani. Masika ya Aprili pampu yangu hutoa matone unayoweza kuyahesabu, ndiyo maana nimeifunga kichujio chenye chembe za kukaushia.

Jambo moja nalisema nikiwa nimesimama. Mitaa yetu ya jua kali imejaa mitungi ya oksijeni ya mafundi wa kuchomelea, na kuna siku mtu mwema atakwambia, leta nikujazie. Kataa. Oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na tone la mafuta au grisi inalipuka, na bunduki hiyo iko shavuni mwako. Hewa ya kawaida tu. Na popote panapopita hewa tumia grisi ya silikoni, kamwe si mafuta ya mashine yatokanayo na petroli.

Angalia pia tarehe iliyochapwa kwenye mtungi wa bunduki. Watengenezaji huupa muda wa kutumika, mara nyingi miaka 10. Bunduki ya mtumba ya bei ya kutupa mara nyingi ina mtungi uliokwisha muda wake, na mtungi mpya unaweza kumaliza nafuu yote uliyoiona.

Pale mtutu na mfumo wa hewa vinapokutana pana tundu dogo la kupitishia hewa na oringi moja nyembamba. Mwambie fundi ahakikishe tundu la mtutu na tundu la mfumo wa hewa yametazamana sawasawa. Ukishakabidhiwa, chana kipande cha karatasi ya shashi, kishikilie juu ya kiungo hicho, na mwenzako apige kuelekea kwenye kinga ya risasi. Karatasi ikipepea, hewa inavuja, na inavuja kwa kiasi tofauti kila pigo.

Uzito wa mwisho usivuke kilo 5.5, ndio mpaka wa mashindano, kwa hiyo pima ukiwa umefunga kila kitu, mtungi ukiwemo. Kisha kwa mwezi wa kwanza usiguse skrubu yoyote. Andika kwenye daftari shinikizo la mtungi, joto la asubuhi, kipimo cha peleti na matundu yalipoangukia. Wanaoniletea bunduki wakilalamika huwa nawaomba daftari hilo kwanza, bunduki baadaye.