Maswali ya Nyumba: Taa zipangwe kabla ya chokaa

SWALI: Tunamalizia nyumba ya matumbawe hapa Langoni, Lamu, ghorofa mbili, dari zote za boriti. Fundi wa chokaa anataka kuanza plasta wiki ijayo. Fundi wa stima amechora tubu moja katikati ya kila chumba, na sebuleni taa nane za kuzamishwa darini. Mimi napenda mwanga wa utulivu, lakini mama mkwe hushona na watoto husoma jioni. Nimwambie nini fundi?
*Mama Watoto, Langoni*

JIBU: Bibie, kwanza mwombe fundi wa chokaa asubiri siku chache. Mfereji wa waya ukisahauliwa sasa, baadaye utachimbwa kwa tindo kwenye ukuta uliokwisha kukauka, kisha utazibwa kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu na chumvi hukusanyika ukingoni mwa kiraka, na plasta ya kando huanza kupukutika.

Zile taa nane zifute kabisa. Taa ya kuzamishwa huhitaji uwazi juu ya dari, na dari ya boriti haina uwazi: juu ya boriti ni vipande vya mawe na chokaa vilivyoshindiliwa. Usikubali pia boriti itobolewe ili waya upite, maana ndiyo inayobeba sakafu ya juu. Waya upite ubavuni mwa boriti, upande usiotazama mlango, au ushuke ukutani ndani ya bomba la plastiki.

Sasa chukua chaki, ingia kila chumba na wale watakaokaa humo, uweke alama pale mikono itakapofanya kazi: cherehani, daftari la mtoto, mbuzi ya kukunia nazi, kioo cha kujitazamia. Taa hufuata alama hizo. Tubu ya katikati ya dari huwa nyuma ya mtu aliyekaa ukingoni mwa chumba, kwa hiyo kila anayeinamia kazi huifunika kwa kivuli chake mwenyewe. Mama mkwe, kama anatumia mkono wa kulia, awekewe taa ya shingo inayopinda, kushoto kwake na mbele kidogo, balbu ya lumeni 800 hivi (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotolewa na balbu). Usimpimie kwa macho yako. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaoingia katika jicho la kijana wa miaka 20.

Sebule za Lamu ni ndefu na nyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Tuseme yako ni mita 7 kwa 2.8, yaani karibu mita 20 za mraba. Kwa mwanga wa kukaa na kuzungumza, hesabu lumeni 100 kwa kila mita ya mraba, upate 2,000, kisha ongeza nusu yake kwa ajili ya mwanga unaopotea kwenye vifuniko vya taa na boriti nyeusi. Hizo ni lumeni 3,000, sawa na balbu 4 za LED za wati 9. Zigawe ziwe taa 4 za ukutani, kimo cha mita 1.7 hadi 1.8 kutoka sakafuni, zikielekeza mwanga ukutani na si usoni mwa wageni. Ukuta wa chokaa nyeupe huurudisha mwanga huo chumbani ukiwa laini, na ndio utulivu unaoutafuta. Ziwe na swichi mbili, taa mbili kila moja, ili usiku uweze kubakisha nusu.

Soma kasha la balbu kabla ya kulipa. Nyingi madukani ni za kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe yenye ubuluu. Kwenye chokaa huufanya ukuta uonekane kama wa zahanati. Nunua 2700 au 3000 kwa sebule na vyumba vya kulala, 4000 kwa meza ya jikoni. Usichanganye rangi mbili katika chumba kimoja.

Zidaka, yaani zile rafu zilizomo ndani ya ukuta, zinastahili uangalifu wake. Utepe wa LED ukiachwa ushikwe na gundi yake peke yake utaanguka, kwa kuwa gundi hushika vumbi la chokaa badala ya ukuta. Weka utepe ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa, uufunge kwa skrubu za stenlesi, nyuma ya ukingo wa mbele wa kila rafu, ili watu waone vyombo na wasione nukta za taa. Subiri chokaa ikauke sawasawa kwanza. Chokaa mbichi huila alumini. Kwa rafu 4 za mita 2.4, utepe wa volti 24 na wati 4.8 kwa mita utakula wati 46 hivi, basi kibadilishi cha umeme, kinachoushusha hadi volti 24, kiwe cha wati 60. Kila rafu ipate waya wake kutoka kwenye kibadilishi; ukiziunganisha mfululizo, rafu ya mwisho itafifia. Kibadilishi kisizikwe ukutani. Hicho ndicho huharibika kwanza, na lazima mkono ukifikie.

Ngazi: swichi za njia mbili, moja chini na moja juu. Mwambie fundi avute waya za kupokezana kati ya swichi hizo kabla ya plasta. Taa iwe chini, karibu na kidato, isimpige machoni anayeshuka.

Waya za taa ziwe za milimita 1.5 za mraba, na fyuzi ya swichi ya ampea 6 au 10. Za soketi 2.5. Athi, yaani waya wa ardhini, ifike kila penye taa, hata kama leo unaweka holda ya plastiki, maana kesho utatundika fanusi ya shaba. Dai pia kikata umeme cha milliampea 30, kinachozima umeme ukivuja, na uhakikishe fundi ana leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

SWALI: Nyumba yangu iko karibu na ufuo, Malindi. Taa za nje huoza kwa kutu kabla ya mwaka kwisha. Nifanyeje?
*Baba wa Malindi*

JIBU: Kaka, mara nyingi kinachoanza kuoza ni skrubu. Taa ya shaba ikifungwa kwa skrubu ya chuma, chumvi ikaingia kati yao, chuma huliwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Tumia skrubu za stenlesi ya daraja la 316, taa za IP65 (zisizoingiza vumbi wala maji ya kumwagiwa), na waya uingie kutokea chini, ukipinda kwanza ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu la taa. Zioshe kwa maji baridi ya bomba kila mwezi. Na taa zinazotazama bahari tunakuomba uzifunike upande huo au uweke za rangi ya kaharabu. Watoto wa kasa wakitoka mchangani huelekea penye mwanga zaidi, na taa yako huwapeleka barabarani badala ya majini. Kumbikumbi nao watapungua barazani.

SWALI: Balbu ya LED chumbani hubaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa. Imeharibika?
*Msomaji, Maweni*

JIBU: Tazama swichi kwanza. Ikiwa ina kitaa chekundu, kitaa hicho hupitisha umeme kidogo unaotosha kuiamsha LED, badilisha swichi. Ikiwa haina, huenda fundi aliiweka swichi kwenye nyutro, waya wa kurudisha umeme, badala ya waya wa moto. Hapo holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Zima swichi kuu, usiguse balbu, uite fundi leo.