Mabeki wangu wana mwili na mbio, mbona wanapitwa?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15 hapa Morogoro. Mabeki wangu wa kati wana mwili na mbio, lakini tukishambuliwa wawili kwa wawili wanapitwa kirahisi. Nimewaongezea mazoezi ya nguvu na ya kuteleza kupokonya mpira. Niongeze nini?

JIBU: Salama, mwalimu mwenzangu. Usiongeze, punguza. Anza na hayo ya kuteleza, maana kwenye viwanja vyetu vya changarawe yanawachuna mapaja bure.

Swali hili naletewa mno, na karibu kila mara chanzo ni kilekile: watoto wameaminishwa kwamba beki yupo uwanjani kupokonya mpira. Wote wawili wanaukimbilia, huku nje ya mstari mtu mzima anapiga kelele, "Ingia! Ingia!" Kijana anaingia mzima mzima, anapigwa chenga moja, mwenzake naye ameshakwisha.

Aliye karibu na mpira kazi yake ya kwanza ni kumchelewesha mshambuliaji. Amfuate kwa kasi mpira ukiwa bado unasafiri, akibakiza kama mita tatu apunguze mwendo, hatua fupi, magoti yamekunjwa, mguu mmoja mbele, ubavu umeziba njia ya katikati ili mshambuliaji abakiwe na pembeni tu. Anayesimama kifua kikimwelekea mshambuliaji na miguu sambamba anapigwa tobo, mpira unapita katikati ya miguu yake. Aingie pale mshambuliaji anapokosea: mpira umemtoka mguuni, ameinamisha kichwa, au ametoa mgongo.

Beki wa pili ndiye anayesahaulika kabisa. Wengi wanamwacha asimame sambamba na mwenzake, kwa hiyo pasi moja ya kupenyeza inawaua wote. Akae nyuma kwa mshazari, mita nne au tano hivi, mahali anapouona mpira na mtu wake kwa pamoja. Na aongee! "Niko nyuma, mpeleke kushoto." Wa mbele hana macho kisogoni, bila sauti hiyo anabahatisha. Mpira ukipasiwa, wabadilishane kazi ukiwa njiani. Wakisubiri ufike wamechelewa.

Weka koni, mita 20 kwa 15, goli dogo kila upande, wawili kwa wawili. Kuteleza marufuku. Mabeki ndio waanze kwa kuwapigia washambuliaji pasi ndefu, ili wajifunze kusogea. Wakizuia bao kwa sekunde nane, pointi yao. Wakishaelewa, ongeza beki wa tatu wa kulinda upande usio na mpira.

Kinachonikera ni biashara iliyoota juu ya ujinga huu. Mtu ananunua ngazi ya kamba ya kutandaza chini, anawarukisha watoto bila mpira wala mpinzani, kisha anawaambia wazazi anatengeneza mabeki. Ngazi haipigi chenga. Wengine wanawauzia watoto wa miaka 14 unga wa kujaza misuli, na hapo wanachezea afya ya mtoto wa mtu. Beki Fabio Cannavaro hakufika sentimita 180, naye ndiye nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia 2006. Katika mechi saba, ukiacha matuta ya fainali, Italia ilifungwa mabao mawili tu: moja ilijifunga yenyewe dhidi ya Marekani, jingine penalti ya Zinedine Zidane wa Ufaransa kwenye fainali.

Nawaomba na wazazi wanaosema mtoto wao ni beki kwa kuwa amewazidi kimo wanafunzi wenzake: mwili huo ni wa muda. Wenzake wakifika miaka 17 wanamfikia, na yeye aliyezoea kuwakumba hajui asimame wapi. Anaanza rafu, anakula kadi, anapoteza namba. Afundishwe kusogea, kusubiri na kuongea angali na miaka 13.