Anti, nimeokoka ila abiria bado wananikimbia

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 29, ni mpiga debe kwenye stendi moja kubwa ya mabasi ya mikoani hapa Dar, mwaka wa nane sasa, na sitaki kukudanganya nilikuwa mtundu sana, kulangua tiketi za Desemba, kumwambia mtu basi linaondoka sasa hivi na halijajaa hata nusu, yote hayo nimefanya. Pasaka ya mwaka jana nikaokoka. Kanisani tukafundishwa upendo wa agape, kwamba unampenda hata usiyemjua na husubiri akulipe, nikaguswa sana nikasema naanzia hapahapa kazini. Nikawa nabeba mizigo ya wamama bure, nanunulia wasafiri maji. Mwezi wa tatu nilimpa jamaa mmoja elfu 60, alisema kaibiwa nauli anaenda Kigoma, sasa hiyo ilikuwa hela ya kodi na mke wangu ana mimba ya miezi saba, mpaka leo ndani tunanuniana. Kila jema nnalofanya naliandika kwenye daftari ili nijipime, nimefika 87. Juzi nikamwona bibi anahangaika na begi, nikalidaka nimsaidie, akapiga kelele mwizi! Nikala makofi mpaka konda mmoja akaja kunitetea. Wenzangu wananicheka, wananiita mchungaji. Anti nimechoka, naona watu hawataki kupendwa. Nifanyeje?

Mlokole wa stendi, Dar


Marahaba mwanangu, na pole kwa makofi. Nimecheka kidogo utanisamehe, ila baada ya kucheka nikaisoma tena barua yako, mara ya kwanza nilisoma kama Anti na mara ya pili nikasoma kama abiria, na kama abiria mwenzio nina kesi na wewe.

Mwaka 1998 nilikuwa naenda Mbeya kumzika baba mdogo. Nimefika stendi alfajiri, macho yamevimba kwa kulia, kijana kama wewe akanidaka mkono, mama zimebaki siti mbili tu basi hilo linatoka, na kweli injini inaunguruma na ndani naona watu wamekaa, nikalipa. Kumbe wale waliokaa nusu yao ni wenzake, kila abiria wa kweli akiingia mmoja wao anashuka taratibu kwa mlango wa dereva. Tuliondoka saa nne na nusu. Nimefika kwetu baba mdogo ameshazikwa, watu wanakunja maturubai. Yule kijana nimeshamsamehe, ila begi langu toka siku hiyo kwenye stendi nalikumbatia kama mtoto mchanga, na ungelidaka wewe hata kama ndimi za moto zinakuwakia kichwani kama siku ya Pentekoste ningepiga kelele kuliko huyo bibi.

Kwahiyo naomba tumwache bibi wa watu. Unasema watu hawataki kupendwa, mwanangu huyo alikuwa hataki kuibiwa, na mkono wako na wa mwizi vilikuja vile vile, kwa haraka na bila kuuliza. Ungesimama hatua mbili mbele yake, mikono aione, ukasema shikamoo bibi, nikusaidie au nikuitie mtu wa basi lako? Angesema hapana, basi, unasema safari njema unaondoka zako. Hiyo hapana yake iheshimu.

Mfano wa Msamaria Mwema najua umeshahubiriwa mpaka umeukariri. Sisi tukiusikia tunajiweka kwa yule anayesaidia, mi nataka leo ulale pale chini na yule aliyepigwa. Barabara ya Yerusalemu kwenda Yeriko, umevuliwa nguo, unafumbua jicho unaona aliyekuinamia ni Msamaria, watu ambao nyie na wao hata kuchangia chombo cha maji ni shida. Mi nadhani angekuwa na nguvu angepiga kelele mwizi. Jamaa hakusubiri aaminiwe, alimsafisha vidonda kwa divai na mafuta, akampandisha kwenye mnyama wake, wakafika nyumba ya wageni. Asubuhi akatoa dinari mbili akampa mwenye nyumba, akasema ukitumia zaidi nikirudi nitakulipa, akaendelea na safari yake.

Hapo kwenye dinari mbili nakaa kidogo maana inahusu elfu 60 yako. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ipo kwenye Mathayo 20 ile habari ya shamba la mizabibu, kwahiyo alitoa kama hela ya siku mbili za kazi. Mnyama hakumuuza, safari hakuiahirisha, na hela alimkabidhi mwenye nyumba, si ajabu walikuwa wanafahamiana kwa kuwa alikuwa anapitaga pale. Sasa wewe mtu wa stendi miaka nane, makonda wa Kigoma unawajua mpaka majina ya utani, umeshindwa kumshika jamaa mkono ukampeleka kwenye basi ukasema kaka nipe siti ya huyu nitakulipa kidogo kidogo? Kama ni msafiri angepanda. Kama ni tapeli angekumbuka ghafla kuna mtu anamsubiri nje. Yaani stendi imemtapeli mpiga debe, mwanangu, hiyo hata mi nimeshindwa kujizuia.

Na kodi haikuwa yako peke yako. Paulo anamwandikia Timotheo maneno makali sana kwenye hiyo barua ya kwanza, sura ya tano, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini. Mkeo ana mimba ya miezi saba, anaenda kliniki, anahesabu khanga na beseni la kujifungulia, alafu anasikia kodi imepanda basi la Kigoma. Mwombe msamaha bila mahubiri. Usimwambie nilifanya kwa ajili ya Mungu, mwambie nilikosea, hela ilikuwa yetu wawili na sikukuuliza. Kisha kaeni mpange kwa mwezi kiasi gani ni cha watu wa njiani, hata kama ni elfu tano. Waisraeli walikatazwa kuvuna mpaka pembeni mwa shamba ili maskini na mgeni naye apate cha kuokota, ni pembe za shamba zilizoachwa, shamba lenyewe lilivunwa likalisha nyumba.

Sasa niingie kwenye lililonikaa rohoni.

Nimepekua barua yako nikitafuta sentensi moja sijaiona, nayo ni kwamba siku hizi abiria akikuuliza basi linaondoka saa ngapi unamwambia ukweli. Pengine umeshaacha uongo, pengine umesahau tu kuandika, ila maji umeyataja, mizigo umeitaja, hilo hapana. Kule Yordani watoza ushuru walienda kwa Yohana kubatizwa wakauliza swali hili hili lako, tufanye nini? Hawa nao walikuwa kama nyie, ukimuona kwa mbali unashika mfuko. Yohana hakuwaambia waache kazi wala hakuwaambia wakabebe mizigo ya watu, alisema msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa. Luka 3 hiyo, soma mpaka kwenye maaskari utacheka.

Agape yako imekaa hapo mwanangu, kwenye mdomo. Mama kaja na watoto wawili na ndoo anauliza la Mbeya linaondoka saa ngapi, na wewe unajua la kwenu lina watu kumi na moja. Mwambie mama hili mpaka saa nne, la kule pembeni limebakiza siti chache, wahi. Nauli ni hii hapa iliyopangwa na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, akikuambia zaidi kataa. Basi. Na hapo umepoteza hela yako ya kichwa na bosi wa basi akisikia atakununia. Kumbebea ndoo kunakutoa jasho tu, huu ukweli unakutoa chakula, na huyo mama hatakushukuru hata kidogo kwasababu hatajua kama kuna kitu umemfanyia, yeye atajua ameuliza kajibiwa. Mi 1998 nilikuwa namhitaji kijana wa namna hiyo, maji ya chupa nilikuwa nayo.

Najua utasema Anti nitakula nini. Ni swali la haki, hasa na mtoto anakuja, na siwezi nikakaa hapa na chai yangu nikakuambia utabarikiwa mara mia. Miezi ya mwanzo itauma. Kaa na mkeo mjue itauma kiasi gani, na kama bosi anakulazimisha udanganye anza kuulizia kwenye kampuni ambazo wamezoea kuondoka kwa muda wao, au ofisi za vifurushi, wewe stendi unaijua na watu unawajua, hiyo ni mali.

Kuhusu kuaminiwa usiwe na haraka. Sauli, ndiye Paulo huyo huyo, zamani alikuwa anawatesa waumini, alivyorudi Yerusalemu akitaka kujiunga na wanafunzi walimwogopa wote, na hiyo ni miaka mitatu tangu aokoke kwenye njia ya Dameski, hebu fikiria, mitume wenyewe! Ilibidi Barnaba amshike mkono awaambie jamani huyu namfahamu. Wewe Pasaka ya mwaka jana tu na unataka bibi aliyeshuka leo kutoka Korogwe akuamini? Wewe Barnaba wako yupo tayari, ni yule konda aliyekutetea. Alijuaje kama wewe siku hizi sio mwizi? Kuna kitu ameona. Mnunulie chai, muulize, na umwambie ukikosea akukanye, maana yeye kazi yako anaijua kuliko mchungaji wako.

Wanaokuita mchungaji itikia tu. Kuna siku mmoja wao atakuja pembeni usiku na shida ya kweli ya nyumbani kwake na hatakuwa anacheka.

Daftari hilo sasa. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia, wewe mkono wa kulia unafanya wa kushoto unaandika risiti. Nakuelewa, ulitaka kuona kama unakua, na mtu aliyefanya mabaya kwa miaka yote hiyo anatamani mizani yake isogee haraka. Ila kwa namba hizo wale watu 87 wanakuwa deni lako unalolipa, na ndio maana bibi alivyokukatalia ukasikia umedhulumiwa, umekosa 88. Kurasa zilizobaki mpe mkeo aandike mahitaji ya mtoto.

Na wale uliowalangua kabla hujaokoka, Zakayo yule mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne, wako wengi wameshaenda zao huwapati. Lakini nina uhakika kuna wawili watatu bado mnaonana hapo hapo, mama ntilie uliyemkopa ukamkwepa, mfanyabiashara anayepita kila wiki. Anza na mama ntilie.

Mi Desemba nakuja kupanda basi la Mbeya, kuna harusi safari hii, sio msiba. Nitakuwa na kitenge na begi langu nimelikumbatia kama kawaida, nitauliza la Mbeya linaondoka saa ngapi, na wala sitasema mi ni nani.

Anti