Sherehe, Hafla na Hitma: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Bwana Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya sekondari. Mwanafunzi wangu ameandika katika insha kwamba "kila tarehe 7 Aprili Wazanzibari husherehekea kifo cha Mzee Karume", nami nikalipigia mstari mwekundu neno "husherehekea". Mwalimu mwenzangu ananambia nimemwonea mtoto, kwani siku hiyo ni ya mapumziko, viongozi wote huwapo, basi ni sherehe kama sherehe nyengine. Naomba utupambanulie: sherehe, hafla, maadhimisho na shughuli yanatafautiana vipi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykumu ssalam, mwalimu. Mstari wako uko mahali pake. Neno "sherehe" asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kufafanua, na maana hiyo bado imo kwenye vitabu vya ushairi, ambako orodha ya maneno magumu na maelezo yake huitwa sherehe. Lakini mtu akisema leo kwamba kwao kuna sherehe, anayemsikia hufikiria furaha, ngoma na nguo mpya. Ndiyo maana tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi ya 1964, tuna Sherehe za Mapinduzi, zenye gwaride na halaiki katika uwanja wa Amaan au wa Gombani, ilhali tarehe 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Abeid Amani Karume mwaka 1972, watu hukusanyika Kisiwandui, alikozikwa, wakamsomea hitma na kumwombea dua. Viongozi ni wale wale na itifaki ni ile ile, lakini hakuna mwenye masikio ya Kiswahili anayeiita hitma ile sherehe.

Mwanafunzi wako angeandika "huadhimisha" au "hukumbuka", asingekosea. Kuadhimisha kunatokana na "adhimu", yaani jambo kubwa au tukufu, kwa hiyo anayeadhimisha siku anaipa ukubwa inaostahiki, na kitenzi chenyewe hakisemi kama watu wamekuja kucheka au kulia. Asili hiyo hiyo imezaa "taadhima", ambayo huiona kwenye kadi za mialiko: "kwa heshima na taadhima tunakualika." Wapo wanaodai kuwa hapo pana neno moja lililosemwa mara mbili. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu heshima humpa hata mtoto wa jirani, lakini taadhima huwekewa mwenye cheo au jambo tukufu.

Hafla ni mkusanyiko ulioandaliwa kwa ratiba: una mgeni rasmi, una mshereheshaji, na baada ya saa chache watu hurudi makwao. Kwa hiyo tuna hafla ya kutia saini mkataba na hafla ya kukabidhi madawati, na ndugu yake wa karibu ni "mahafali" ya vyuo na maskuli, kwani yote mawili yana asili moja. Arusi inaweza kuchukua siku kadhaa na ikabaki kuwa sherehe. Hafla haifiki huko. Linaloniudhi ni kwamba siku hizi neno hili linabandikwa kila mahali, hata nimesoma tangazo la "hafla ya maziko". Maziko ni maziko, hayahitaji hafla mbele yake. (Wanaotuuliza kama "mazishi" ndiyo sahihi zaidi wajue kwamba yote mawili yanatokana na kuzika, sisi wa visiwani tumezoea "maziko", na hatuna sababu ya kuliacha.)

Hitma nayo ina asili moja na "kuhitimu", yaani kumaliza. Juzuu 30 hugawiwa waliohudhuria, kila mtu akasoma yake, na Kurani nzima ikamalizika katika kikao kimoja. Mtoto wa chuoni aliyefika mwisho wa msahafu naye tunasema amehitimu. Kwa hiyo kikao kisichosomwa hata juzuu moja, hata kikiwa na dua ndefu namna gani, kwa fasaha ni dua.

Limebaki "shughuli", ambalo ni neno la nyumbani kuliko yote na ndilo lenye mtego. Ukiambiwa kuwa jirani ana shughuli, huenda ni arusi, huenda ni hitma, huenda ni maulidi, na hapo ni wajibu wako kuuliza kabla hujatoka, kwani arusini huenda na tunzo, na msibani mkono wako ni ubani, yaani rambirambi. Maulidi yenyewe hayahitaji kuitwa sherehe wala hafla: unapofika Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, watu husema "twende maulidini", kitabu cha maulidi cha Barzanji husomwa, na yanapofikiwa maelezo ya kuzaliwa Mtume (S.A.W.) watu wote husimama kwa kiyamu, chetezo cha udi kikapitishwa na marashi yakarashiwa mikononi kwa mrashi. Hapa kitenzi kinasaidia zaidi kuliko kamusi: maulidi na hitma husomwa, ndoa hufungwa, hafla huandaliwa, siku huadhimishwa. Wape wanafunzi wako vitenzi hivyo, nomino zitakaa sawa.

SWALI: Nimesoma gazetini kwamba Rais "ametawazwa". Je, ni sahihi?
Msomaji, Mjini Unguja

JIBU: Si sahihi. "Tawaza" imetoka katika "tawala" na ni kumfanya mtu atawale kwa kumketisha kwenye kiti cha enzi, kama alivyotawazwa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub, mwaka 1911. Rais wa Zanzibar huchaguliwa kwa kura, kisha hula kiapo mbele ya Jaji Mkuu kwa mujibu wa Katiba ya 1984, kwa hiyo yeye huapishwa, na tukio lenyewe ni hafla ya uapisho. Zaidi ya hayo, hapa kwetu kutawaza kuna maana nyengine ya chooni, ambayo mhariri makini asingependa msomaji aikumbuke akiwa anasoma habari za kiongozi wa nchi. Mkuu wa chuo kikuu au askofu, kwa upande wake, husimikwa.