Maswali ya Wafugaji: Kondoo wa Karakuli

SWALI: Nafuga kondoo wa kienyeji wenye mkia wa mafuta. Nasikia karakuli huvumilia ukame, na ngozi ya mwanawe yenye nywele za kujikunja ina bei. Nikileta dume mmoja nipandishe majike yangu, nitapata ngozi hizo?
Msomaji, Moroto, Uganda

JIBU: Kwa dume mmoja, hapana. Karakuli ni kondoo wa nchi kame za Bukhara, Uzbekistani ya leo. Mwaka 1907 aliingizwa Namibia, wakati huo koloni la Wajerumani, na huko akapandishiwa majike wa kienyeji kizazi baada ya kizazi. Mwana wa kizazi cha kwanza ana nusu ya damu ya karakuli, wa kizazi cha pili robo tatu, cha tatu 7/8, cha nne 15/16. Mikunjo ya chotara wa mwanzo huwa hafifu. Mimba huchukua takriban siku 150, na jike husubiriwa akomae, basi hesabu karibu miaka miwili kwa kila kizazi. Na kila mara tafuta dume mwingine, la sivyo atapanda binti zake.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka: ngozi hiyo ni ya mwanakondoo aliyechinjwa siku 1 hadi 3 tangu azaliwe. Akizidi hapo, mikunjo inafunguka na thamani inaondoka. Yaani unapoteza nyama ya mwana mzima, na huko Ulaya wanunuzi wengi wameshayakataa mavazi ya manyoya. Bila mnunuzi mkononi, usianze. Karakuli mkubwa ana nyama, mafuta ya mkia na sufu ngumu inayofaa mazulia. Hiyo ndiyo hesabu ya kupiga Moroto.

Ukipata wa kijivu, usipandishe kijivu kwa kijivu. Takriban robo ya wana watarithi jeni ya kijivu pande zote mbili. Tumbo lao halisagi chakula sawasawa na hufa wadogo. Mpandishe na mweusi: karibu nusu watakuwa kijivu, nusu weusi, wote wazima. Mweusi naye hufifia rangi akikua, usidhani umetapeliwa.

Kabla ya kuingiza mnyama, omba kibali Wizara ya Kilimo, Entebbe. Chanja dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Karamoja, eneo lenu, iliipata mwaka 2007.

SWALI: Na sisi wa Masaka?

JIBU: Hatushauri. Mvua na matope huleta kuoza kwato, na minyoo ya tumbo humaliza damu. Ukishikilia, jenga banda la sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi za kupitisha kinyesi. Kwato zioshwe, kisha kondoo asimame dakika 10 au zaidi katika maji ya zinki salfeti, kilo 1 kwa lita 10, halafu akae pakavu. Funua kope kila wiki mbili wakati wa mvua: ndani zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, mpe dawa ya minyoo huyo, si kundi zima, maana minyoo huzoea dawa. Madini ya kulamba ya ng'ombe usimpe, yana shaba nyingi inayomuua kondoo.