Maswali na Majibu: Ng'ombe Elfu Tatu na Kisima cha Jirani

Je, maziwa ya mashamba yenye maelfu ya ng'ombe yana madhara kwa mnywaji? (Msomaji, Eldoret)

Hapana, yakisindikwa ipasavyo. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na nawasihi tena wasomaji waache kuchungulia ndoo ya maziwa waangalie samadi inakopelekwa.

Inakuwaje Wisconsin, Marekani, ipoteze wafugaji wengi ilhali maziwa hayapungui? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu ng'ombe hawakuondoka. Walihamia mazizi makubwa. Mwaka 2004 jimbo hilo lilikuwa na mashamba ya maziwa yenye leseni zaidi ya 15,000, na kufikia 2024 yalibaki chini ya 6,000, huku ng'ombe wenyewe wakiendelea kukaribia milioni 1.27.

Samadi ni mbolea ya asili. Itaharibuje kisima? (Msomaji, Njombe)

Samadi ya ng'ombe watatu ni mbolea. Samadi ya ng'ombe elfu tatu, inayohifadhiwa kama uji ndani ya mabwawa hadi msimu wa kuimwaga, ni mzigo usio na pa kutuliwa, kwani ng'ombe mmoja wa maziwa hutoa zaidi ya kilo 50 za kinyesi na mkojo kwa siku. Katika kaunti ya Kewaunee, huko huko Wisconsin, yenye ng'ombe wengi kuliko watu, udongo ni mwembamba na chini yake upo mwamba uliojaa nyufa, hivyo theluji inapoyeyuka, kilichomwagwa shambani huteremka hadi kwenye maji ya chini bila kuchujwa. Zipo nyumba ambamo bomba la jikoni lilitoa maji ya kahawia yenye harufu ya zizi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulikuta vijidudu vya kinyesi katika hadi asilimia 60 ya visima vilivyopimwa. Baadhi ya vijidudu hivyo vilitokana na maji taka ya binadamu, na ni haki kulisema hilo.

Hukuuliza, lakini nakutahadharisha: kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, yaani kemikali ya nitrojeni itokanayo na samadi, na kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni.

Je, sheria haiwezi kuzuia uchafuzi huu? (Msomaji, Mombasa)

Inaweza, ila huchelewa. Mwaka 2021, baada ya kesi ya miaka mingi, Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliamua kwamba idara ya maliasili ya jimbo ina mamlaka ya kuweka kikomo cha idadi ya ng'ombe na kudai visima vya kuchunguza maji ya chini.

Mwekezaji anataka ardhi ya kijiji chetu. Tumuulize nini? (Msomaji, Iringa)

Msianze na ajira. Muulizeni ana ekari ngapi za kupokea samadi, na atachota maji wapi, kwani ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 100 au zaidi kwa siku. Kisha pimeni visima vyenu kabla ng'ombe wa kwanza hajashushwa kwenye lori, na majibu ya maabara yahifadhiwe kijijini, si kwa mwekezaji.