Uvimbe wa milimita 8 shingoni: lazima akatwe?

Pole dada. Unasema mama yenu ana saratani ya tezi ya thairoidi (tezi iliyo mbele ya shingo), aina ya papilari, ambayo kwa kawaida hukua polepole, milimita 8. Daktari anataka kuifuatilia kwa utrasaundi, ninyi mnataka akatwe kesho. Huo si uzembe. Kuma Hospital, Kobe, Japani, wanafanya hivyo tangu 1993, na nyingi za saratani ndogo hivi hazikui.

Mimi pia nafuatiliwa hivyo, mwaka wa tatu sasa: jeli ya utrasaundi, ya baridi, shingoni, najifuta, narudi dukani Kariakoo. Kipimo ni kila miezi 6 kwa miaka miwili, kisha kila mwaka. Tunzeni ripoti zote, maana bila ripoti ya zamani hakuna cha kulinganisha.

Ila ikiwa imeegemea koo la hewa, imeongezeka milimita 3, imeingia tezi za limfu, au sauti inakwaruza, mrudisheni kwa bingwa haraka.